Mtoto na Mnyama Katika Shule za Ukambani

Watu wengi hudhani kwamba kufuga wanyama shuleni ni mchezo wa kuwafurahisha watoto wadogo, wala si jambo la kuandikwa katika historia. Wakiona kizimba cha sungura nyuma ya darasa, au kuku wakichakura kando ya shamba la shule, hutabasamu wakapita. Lakini mtu atakayeichunguza habari ya nchi ya Kitui na Makueni ataona kwamba shauri la mtoto, mnyama na shule si dogo hata kidogo. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja limewagawanya wazazi na walimu, na lilipoingiliwa na amri za serikali lilileta fitina iliyosikika mpaka ng'ambo ya bahari. Basi, kabla ya kuuliza faida ya sungura darasani, yafaa tutazame tulikotoka.

Zamani, kabla ya kengele ya shule kusikika Ukambani, shule ya mtoto ilikuwa malishoni. Mtoto alipokuwa na nguvu ya kushika fimbo alikabidhiwa wana-mbuzi na ndama walishwao karibu na boma. Alipokua kidogo alipewa mbuzi na kondoo. Na alipokuwa kijana aliweza kupelekwa mbali nyikani, kwenye makambi ya ng'ombe ambayo Wakamba huyaita syengo, akae huko na wenzake akiwalinda wanyama. Wasichana nao hawakusamehewa kazi hiyo walipokosekana wavulana. Hapakuwa na ubao wala chaki, lakini masomo yalikuwa mengi. Mtoto alijifunza kumtambua kila mnyama kwa rangi na kwa pembe zake, hata jioni alijua mara moja ni yupi aliyepotea. Alijifunza majani yanayonenepesha na yale yanayoua, mahali pa kuchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka, na dalili za mnyama anayeanza kuugua. Alijifunza pia kuiheshimu mizinga ya nyuki, ile myatu iliyochongwa katika magogo na kutundikwa mitini. Mtihani wake ulikuwa wa kila siku. Akisinzia, mbuzi waliingia katika shamba la jirani, au fisi alijichukulia haki yake.

Shule ya namna ya pili ililetwa na wamisionari. Walutheri wa Kijerumani walifungua vituo vya Ikutha na Mulango, katika nchi ya Kitui, kabla ya karne ya ishirini kuanza. Mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, naye akafa mwezi wa Desemba mwaka uliofuata. Nyakati hizo zilikuwa nzito. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwafagia ng'ombe wengi wa Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1898 na wa 1899 ukame na njaa kuu viliwaua watu wengi Ukambani. Mzazi aliyeponea shida hizo, akaanza tena kukusanya mifugo yake mmoja mmoja, aliambiwa sasa amtoe mwanawe akakae darasani. Saa za kusoma ndizo zilizokuwa saa za kuchunga. Yeye aliuliza swali lililo rahisi: mtoto akienda kusoma, ng'ombe watachungwa na nani? Walimu wengi waliliona swali hilo kuwa dalili ya ujinga. Kwa kweli lilikuwa swali la haki, nalo halikupata jibu kwa muda mrefu. Mtoto mmoja alipelekwa shule, na ndugu yake akabaki malishoni. Yule wa kwanza akajua herufi asijue majani, na yule wa pili akajua majani asijue herufi.

Katika nchi nyingine walikuwako watu waliokwisha kufikiri kwamba mambo haya mawili yaweza kukaa pamoja. Mwaka wa 1693 Mwingereza John Locke aliandika kitabu juu ya malezi, na humo alimsifu mama mmoja aliyewapa binti zake mbwa na ndege wa kufuga, kwa sharti kwamba wawatunze vema bila kuwasahau. Locke aliamini kwamba mtoto anayezoea kuwatesa wanyama wadogo ataukaza moyo wake hata mbele ya wanadamu. Karne moja na nusu baadaye Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka wa 1837, alitaka watoto wawe na bustani na wazoee kutunza viumbe vyenye uhai.

Hapa Kenya fikira za namna hiyo zilipata nyumba huko Kabete. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizizuru nchi za Afrika ya Mashariki, ikasema kwamba elimu ya Mwafrika haina budi kufungamana na maisha ya kijijini. Mwaka wa 1925 ikafunguliwa Jeanes School, chuo cha kuwafundisha walimu ambao wangekwenda kuzitembelea na kuzisaidia shule ndogo za vijijini. Mwalimu alikaa chuoni pamoja na mkewe na watoto wake, akajifunza afya, bustani na ufugaji pamoja na kazi ya darasani.

Shauri hilo lilikuwa jema, lakini lilibeba shaka ndani yake. Wazazi wengi waliona kwamba watoto wa Wazungu wanapewa hesabu na sayansi ili wawe watawala, na watoto wao wanapewa jembe na kuku ili wabaki chini. Hatuwezi kuwalaumu. Elimu ya mikono ikitolewa badala ya elimu ya akili ni mlango uliofungwa. Ikitolewa pamoja nayo ni dirisha. Tofauti hiyo yapasa ikumbukwe na kila mwalimu anayejenga banda la wanyama shuleni kwake.

Kisha ukaja mwaka wa 1938. Katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni, udongo ulikuwa umeharibika sana kwa mmomonyoko. Maofisa walisema kwamba sababu ni wingi wa ng'ombe na ujinga wa wafugaji. Wenyewe walijibu kwamba malisho yao ya zamani yamechukuliwa au yamefungwa, na ng'ombe wale wale wamesongamana katika eneo dogo. Serikali ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei duni, wakati kiwanda cha nyama kimefunguliwa Athi River. Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association wakakataa. Mwezi wa Julai watu wengi, waume kwa wake pamoja na watoto, walikwenda Nairobi wakakaa Kariokor kwa majuma kadhaa, wakimngoja Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awasikilize. Gavana alikwenda kusema nao huko Machakos mwezi wa Agosti. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ulikomeshwa.

Msomaji ataniuliza: habari hii yahusu nini darasa na sungura? Yahusu sana. Serikali ile ilimwona ng'ombe kuwa ni hesabu tu, haikujua kwamba ni mahari, ni akiba ya siku ya njaa, na ni heshima ya nyumba. Wala haikuwafundisha watu kabla ya kuwaamuru. Baadaye wakulima wa Ukambani walipoona faida ya matuta, na walipokuwa na usalama wa ardhi yao, walichimba matuta mengi, na milima iliyokuwa mitupu ikapata kijani tena. Amri huzaa utii wa siku moja, lakini mafundisho huzaa mazoea ya maisha.

Jambo la pili latoka Makueni kwenyewe. Serikali ilitaka kuwahamishia watu katika pori lile lenye mbung'o na vifaru. Kuanzia mwaka wa 1944 hata mwaka wa 1946 mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa kuwaondoa vifaru, naye aliwapiga risasi karibu 1,000. Vichaka vilifyekwa, familia zikapewa mashamba, na leo mashamba hayo yana miembe na michungwa. Hatusemi kwamba watu wasingalipewa ardhi. Walikuwa na haja nayo. Lakini fikiri, kijana wa Makueni: mnyama aliyeijaza nchi yako wakati wa babu wa babu yako, wewe humwoni ila katika picha. Nchi yaweza kupoteza kiumbe katika muda ulio mfupi kuliko muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza mpaka la tatu.

Uhuru ulipokaribia, wazo la kuwapa watoto wanyama wawatunze lilifufuka kwa sura mpya. Mwaka wa 1962 vilianzishwa vyama vya 4K shuleni, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto walilima vitalu vyao, wakafuga kuku na sungura. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa sekondari walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, ili mtoto ajifunze kumpenda hata mnyama asiyefugwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kilimo kilikuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi. Vyama vya 4K vilififia kwa miaka mingi, mpaka vilipozinduliwa upya mwaka wa 2021, wakati mtaala mpya wa umilisi umekwisha kuingia madarasani.

Faida za kazi hii ni zipi? Ya kwanza ni uwajibikaji. Somo la hesabu likiahirishwa mpaka kesho halilii. Sungura asiyepewa maji hufa. Ya pili ni elimu yenyewe. Darasa linalompima kifaranga kila juma na kuandika uzito wake linajifunza hesabu, sayansi na uandishi kwa wakati mmoja, na mambo ya uzazi na ukuaji, ambayo katika kitabu ni maneno makavu, huonekana kwa macho. Ya tatu ni huruma. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusema mbele ya wenzake, mara nyingi hupata sauti anapoeleza habari za mnyama aliye chini ya ulinzi wake. Ya nne ni upatanisho: mzazi aliyeuliza zamani nani atachunga ng'ombe anaona sasa kwamba shule haikuidharau kazi yake.

Hata hivyo kila faida ina masharti yake, hasa katika nchi kame. Shule isiyo na maji ya kuwatosha watoto isianze kufuga kitu. Mnyama hana likizo. Yapasa ijulikane tangu mwanzo ni nani atakayemlisha mwezi wa Agosti na wa Desemba. Banda liwe safi, liwe mbali na jiko na mahali pa kulala, na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni. Mnyama wa porini asikamatwe kwa kisingizio cha elimu. Sheria yakataza kumfuga bila kibali, na mahali pake ni porini. Juu ya mbwa yatakiwa uangalifu zaidi. Kichaa cha mbwa kilitambuliwa Kenya mwaka wa 1912, nacho hakijatoweka. Kitui na Makueni zimo katika kaunti za kwanza zilizochaguliwa katika mpango wa taifa wa kukikomesha, uliowekwa kutoka mwaka wa 2014 mpaka wa 2030. Mpango huo wategemea kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mtoto aumwapo na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Shule inayofundisha jambo hili peke yake imekwisha kuokoa maisha.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Historia ya Ukambani yatuonyesha mtoto aliyelelewa na mifugo bila kitabu, kisha mtoto aliyelelewa na kitabu bila mifugo; na kila mmoja alikosa nusu ya urithi wake. Ninyi mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtakuwa walimu, maofisa na wazazi, na mtatoa maamuzi juu ya malisho, misitu na maji. Mtu aliyewahi kuamka alfajiri ya siku ya baridi kumpa maji kiumbe kisichoweza kumwomba wala kumshukuru, hatakuwa mwepesi wa kuandika amri juu ya ng'ombe wa mwenzake bila kwanza kwenda kukaa naye chini ya mti na kumsikiliza.