Upasuaji wa Kurudia Katika Hospitali ya Panzi

Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianzishwa mwaka 1999 na Denis Mukwege, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyebobea Angers, Ufaransa. Awali aliongoza hospitali ya Lemera, iliyoshambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Panzi ilikusudiwa wajawazito. Vita viliifanya kimbilio la waliobakwa na wenye fistula. Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanaharakati wa Kiyazidi kutoka Iraki.

Sifa hizo hazielezi ugumu wa kazi yenyewe. Fistula ya mkojo ni tundu kati ya kibofu na uke. Daktari hutenganisha kuta za viungo hivyo viwili, hushona kila moja peke yake, kisha huweka shashi ukeni ili damu isivuje; mgonjwa hubaki na mpira wa mkojo kwa wiki mbili hivi. Upasuaji wa kwanza ndio wenye matumaini makubwa. Ukishindikana, husubiriwa miezi kadhaa uvimbe uishe, na safari hii kisu hukutana na kovu gumu, lisilopitisha damu vizuri. Wapo waliopasuliwa mara nyingi, na wengine, tundu likishaziba kabisa, mkojo huendelea kuwatoka kwa sababu misuli ya kuuzuia iliharibika.