Hitilafu za umeme katika gari

Hitilafu za umeme katika gari ni kasoro zinazozuia mkondo kupita inavyotakiwa kati ya betri, nyaya na vifaa kama vile taa, honi au starta. Kuzitafuta ni kazi ya fundi umeme wa magari, lakini kanuni zake ni zilezile za fizikia ya shule ya sekondari.

Njia ya umeme

Magari mengi madogo hutumia betri ya volti 12. Malori na mabasi mengi hutumia volti 24. Mkondo hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, swichi na kifaa, kisha hurudi kwenye ncha hasi kupitia bodi ya chuma. Hivyo mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ni muhimu sawa na waya unaopeleka umeme.

Aina za hitilafu

* Kukatika kwa njia: waya umekatika au plagi imeachia. Kifaa hakifanyi kazi, lakini fyuzi ni nzima.
* Shoti: waya chanya uliochunika unagusa bodi. Mkondo huwa mkubwa mno na fyuzi huungua.
* Ukinzani: kutu au bolti iliyolegea hupunguza mkondo. Taa hufifia, pengine dereva akikanyaga breki, taa nyingine za nyuma nazo huwaka kidogo, kwa kuwa umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi.

Kutafuta chanzo

Kifaa kikuu ni multimita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, injini ikinguruma, hupanda hadi 14 hivi. Isipopanda, huchunguzwa alternata na mkanda wake.

Betri ikiwa nzima, fundi hupima hatua kwa hatua kuanzia fyuzi hadi kifaa. Hitilafu iko kati ya mahali pa mwisho penye umeme na mahali pa kwanza pasipo nao. Vipimo hufanywa swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu kiungo chenye kutu kinaweza kuonyesha volti zote 12 wakati hakuna mkondo unaopita. Umeme ukifika kwenye taa nayo isiwake, kasoro iko kwenye balbu au njia ya kurudi.

Fyuzi

Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Balbu ya wati 55 kwa volti 12 huhitaji ampea 4.6 hivi, ilhali shoti inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100. Fyuzi bapa hutambuliwa kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, shoti bado ipo. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuunganisha kwa kipande cha waya, hakuondoi hitilafu: sasa waya wenyewe ndio utakaoungua, mara nyingi nyuma ya dashibodi usipoonekana, na gari linaweza kuteketea.

Tahadhari

Kabla ya kutengeneza nyaya, waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete shoti. Nyaya nene za rangi ya chungwa katika magari ya haibridi na ya umeme hubeba mamia ya volti. Zinaweza kuua, na huachiwa fundi aliyefunzwa kazi hiyo.