Paukwa na Pakawa: Ndugu Wawili na Ngome Yao

Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka apatikane wa kuijibu. Msimulizi huita "Paukwa!", na asipoitikiwa "Pakawa!" hana budi kunyamaza. Aghalabu waitikiaji wa kwanza anaowapata binadamu duniani ni ndugu zake wa tumbo moja. Ndipo watoto wawili wanapokaa bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta, mmoja akicheza na mwingine akishauri, wazazi huona wakati unapotea, nao watoto wamo hadithini. Mara nyingi hadithi hiyo hufifia ndugu wakishaoa na kuhama. Kwa Zach na Tarn Adams wa Marekani haikufifia, na kuna siku ilibidi iwe ngao ya maisha yao.

Tarn alizaliwa mwaka 1978, akakulia katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Zach ni kaka yake. Baba yao alikuwa mtunza takwimu katika mtambo wa kusafishia maji machafu, naye ndiye aliyemfundisha Tarn misingi ya kuandika programu. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilikuwa na kumbukumbu finyu na picha hafifu. Nukta chache ziliitwa joka, na mchezaji alilazimika kuliona joka hilo kwa jicho la moyo. Ndugu hao waliicheza michezo kama Ultima, na ule wa Starflight uliotoka mwaka 1986, ambamo msafiri huzuru mamia ya sayari. Walipochoka na dunia za wengine, walianza kujitungia zao.

Katika majaribio ya utotoni Tarn aliandika mchezo wa kupigana na majoka, akauita dragslay. Katika programu zilizofuata aliweka alama ya kuhesabu mikono iliyomsalia mpiganaji, akaiandika arm_ok, kwa maana ya mkono ulio mzima. Neno hilo la kihesabu lilibadilika likawa Armok, jina la mungu wa damu anayeitawala dunia yao ya kubuni. Hivyo ndivyo lugha ya ndugu inavyozaliwa: neno la mzaha huota mizizi, na miaka thelathini baadaye wageni hulitamka bila kujua lilitoka chumba gani.

Walipokua, masomo yaliwatenga kwa njia tofauti. Zach aliielekea historia ya kale, na Tarn akaizamia hisabati hadi akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005. Mchezo ulikwenda nao. Mwaka 2002 walianza kazi mpya waliyoiita Dwarf Fortress, yaani Ngome ya Vibete. Mwaka 2006 Tarn aliiacha kazi ya chuo kikuu, na Agosti mwaka huohuo mchezo ukatolewa kwa umma bila malipo. Tangu hapo waliishi kwa michango ya wachezaji. Aliyechangia aliweza kupewa shukrani ya aina yake: hadithi fupi, au picha iliyochorwa kwa kalamu za rangi za watoto.

Aliyezoea michezo ya picha nzuri angeishangaa ngome hiyo. Dunia nzima ilionyeshwa kwa herufi na alama, na kibete mwenyewe alikuwa kijiuso kinachotabasamu. Lakini kabla mchezaji hajagusa chochote, kompyuta hutunga milima, mito, falme, vita na nasaba za karne nyingi. Kisha vibete saba huwasili mahali patupu, nao huanza kuchimba. Wachongaji wao huchora ukutani matukio ya historia hiyo iliyotungwa. Pengine kibete mmoja hupandwa na wazimu wa usanii: hujifungia karakanani na kudai vifaa fulani. Akivipata hutoa kazi isiyo na mfano. Akivikosa hurukwa na akili. Washairi hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Ngome hiyo haina ushindi wa mwisho. Huangushwa na mafuriko, njaa, maadui, au huzuni iliyomwingia mmoja ikaambukiza wote. Wachezaji wake wana msemo kwamba kushindwa ndiko kwenye raha. Msemo huo humkaa vizuri aliyekulia pamoja na ndugu, maana ni nani aliyemtangulia ndugu katika kumfundisha mtu kushindwa, kununa, na kurudi tena kabla ya chakula cha usiku?

Namna yao ya kufanya kazi ilibaki ileile ya utotoni. Zach huandika hadithi fupi, kisha huzichambua pamoja na mdogo wake na kuulizana: ili tukio hili litokee lenyewe ndani ya mchezo, dunia yetu imekosa nini? Jibu huwa programu mpya. Mmoja huita, mwingine huitikia. Wakati mwingine dunia huwajibu kwa jambo wasilolitarajia. Vilabu vya pombe vilipoingizwa mchezoni Desemba 2015, paka walianza kufa ovyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikanyaga pombe iliyomwagika, wakajilamba nyayo, wakalewa hadi kufa. Hakuna aliyekitunga kifo hicho. Kilitokana na kanuni kadhaa ndogo zilizokutana.

Heshima ilikuja kabla ya mali. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA mjini New York liliuingiza mchezo wao katika hazina yake, na aliyeubuni Minecraft aliutaja miongoni mwa vilivyomwongoza. Heshima hailipi hospitali. Zach alipata saratani ya ngozi, akatibiwa, na gharama zake zikawafumbua macho: katika nchi ambamo ugonjwa mmoja huweza kumfilisi mtu, michango ya hiari ni paa la makuti wakati wa masika. Mwezi Machi 2019 walitangaza kuwa wataandaa toleo la kuuzwa, lenye picha na sauti, wakisaidiwa na kampuni ya Kitfox Games ya Kanada. Lilitoka tarehe 6 Desemba 2022. Katika muda wa wiki chache nakala zipatazo nusu milioni zilinunuliwa, na mapato ya Januari 2023 pekee yalizidi dola milioni 7. Toleo la herufi liliendelea kutolewa bure.

Ni rahisi kuisoma historia hii kama kisa cha kutajirika, na mzazi akajiambia kuwa michezo nayo yalipa. Watoto wengi watacheza na wasipate senti, na hilo haliwapunguzii kitu. Kwa miaka kumi na sita ndugu hawa waliitoa kazi yao bure, wakaendelea. Saratani ilipogonga mlango, mali haikuwa na la kupoteza. Aliyekuwa hatarini ni yule aliyeandika hadithi tangu utotoni, na bila yeye mdogo wake angeita "Paukwa" katika chumba kitupu.