Mvua, jua na tetemeko: jibu nililompa mama mudogo

Wengi humu munanijua kama mtu wa mihogo na mbolea. Leo naomba nitoke shambani kidogo, kwa sababu kuna jibu nilitoa kwa simu mwaka wa 2021 ambalo mpaka sasa haliniachi.

Munakumbuka ile Mei. Tarehe 22 jioni Nyiragongo ikalipuka, lava ikashuka mpaka kwenye mlango wa Goma, na siku zilizofuata inchi ikawa inatetemeka mchana na usiku. Mama mudogo wangu anaishi kule. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umepasuka, basi wote walilala inje chini ya shitingi. Usiku mmoja mvua ikawanyeshea. Akanipigia, mimi niko Bukavu: "Wewe unasoma mambo ya mvua na udongo. Tuingie ndani ao tubakie huku?" Nami, mwanafunzi wa agronomia mwenye daftari la kupima mvua, nikajibu bila kusitasita: "Mvua imeshuka, inchi inapoa. Muingie, mulale."

Wakaingia. Kabla ya asubuhi ikatetemeka tena, na kipande cha ule ukuta kikaanguka kwenye godoro, pembeni ya kichwa cha mtoto wa mwisho. Hakuumia. Mama mudogo hakunigombeza hata kidogo, na ndiyo iliniuma zaidi. Tarehe 27, serikali ya jimbo ilipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame, alibeba watoto akaenda Sake na maelfu ya wengine. Hakuniuliza tena mambo ya hali ya hewa.

Lile jibu nililitoa wapi? Pale tunapolitoa sisi wote: kwa wazee, sokoni, kwenye foleni ya maji. Utasikia kwamba joto likizidi na upepo ukikosekana, inchi inabanwa, itatetemeka. Mvua ikinyesha inatulia. Ukienda avenue nyingine utasikia kinyume: mvua nyingi ndiyo inaleta tetemeko. Mimi nilikuwa nakaribia lisansi, nikaona nina haki ya kuchagua moja.

Nilipoanza kusoma nikakuta nina wenzangu wa zamani sana. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba upepo unafungiwa ndani ya mapango ya dunia, na unapotafuta pa kutokea unatikisa kila kitu. Kwa hiyo, kwake, matetemeko mengi na makali huja hewa ikiwa imetulia, maana upepo wote umeingia chini. Akaongeza kwamba yanazidi kabla na baada ya majira ya baridi, tena nyakati za mvua nyingi, tena nyakati za ukame. Musome hiyo orodha pole pole. Mvua nyingi NA ukame! Mtu akisema hivyo atashindwa siku gani? Hata hivyo Ulaya iliishi na fundisho hilo karibu miaka 2,000, kwa hiyo mimi na wauza ndizi wa kwetu tusichekwe sana.

Katika karne ya 19 profesa mmoja wa Dijon, Ufaransa, Alexis Perrey, alikusanya kwa miaka mingi orodha za matetemeko na kuyalinganisha na majira na mwezi wa angani. Akaamini kwamba yanaongezeka mwezi ukiwa mwandamo ao mpevu. Kazi ya heshima, naisema kama mtu anayejua uchungu wa kujaza daftari kila asubuhi. Shida ni kwamba tetemeko liliingia kwenye orodha yake tu kama palikuwa na mtu wa kulisikia na kuliandika. Tetemeko la usiku porini halikuhesabiwa. Sasa utalinganisha nini na nini?

Kilichobadilisha mambo ni chombo. Wachina wanamkumbuka Zhang Heng, ambaye mwaka wa 132 alitengeneza chungu cha shaba chenye vichwa vya joka: inchi ikitikisika, kimoja kinaangusha mpira kwenye kinywa cha chura. Kilionyesha kwamba limetokea na upande gani, basi. Chombo cha kuandika mtikisiko wenyewe kilikomaa Japani. Mwaka wa 1880 tetemeko lilipiga karibu na Yokohama, na Mwingereza John Milne, aliyekuwa anafundisha Tokyo, akaanzisha pamoja na wenzake chama cha kuchunguza matetemeko tu. Sismografu zao zilifuata siri ndogo. Panda bisi, simama bila kushika kitu, dereva aondoke kwa nguvu: miguu inaenda, kichwa kinabaki nyuma. Uzito mkubwa unaoning'inia unafanya vile vile. Inchi inasogea chini yake, wenyewe unakawia, na kalamu inaandika tofauti.

Halafu mwaka wa 1889 Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz, aliyekuwa anatafuta jambo lingine kabisa, namna mwezi unavyovuta dunia, akaona michoro ya ajabu kwenye karatasi zake za Potsdam. Akalinganisha saa: palikuwa tetemeko Japani. Yaani mtu aliye Ujerumani alisoma tetemeko la Tokyo bila kusikia chochote miguuni. Kwangu hapo ndipo hadithi ya hali ya hewa ilianza kufa, kwa sababu tangu wakati huo tetemeko linapewa mahali, saa na kina bila kungoja shahidi.

Mwaka wa 1935 Charles Richter, kule California, akaongeza kipimo cha ukubwa. Wengi wetu tunakisoma vibaya. Kupanda namba moja ni mtikisiko mara 10 kwenye karatasi, lakini nguvu inayotoka ni karibu mara 32. Kwa hiyo lile la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lililotikisa Kalemie kwa 6.8, lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 20 kuliko letu la Bukavu la 2008, lenye 5.9. Lakini la 2008 ndilo liliua watu wengi zaidi, hasa ng'ambo, Rwanda. Ilikuwa siku ya Mungu, tarehe 3 Februari, saa tatu na nusu asubuhi, watu wako kanisani. Mimi pia nilikuwa kanisani, mtoto wa primeri. Namba ya Richter haijui kama uko chini ya paa la namna gani.

Nikajaribu mwenyewe. Nikachukua matetemeko manne makubwa ya upande wetu: Kalehe, 24 Oktoba 2002, Kalemie, Desemba 2005, Bukavu, Februari 2008, na lile la usiku wa tarehe 7 Agosti 2015, kaskazini ya Bukavu. Matatu yako ndani ya mvua, moja tu kwenye kiangazi. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilikuwa naona hata kichwa cha makala yangu: mvua inaleta tetemeko! Ndipo nikakumbuka somo la kwanza la hali ya hewa. Bukavu, mvua inachukua karibu miezi tisa kwa mwaka. Tisa katika kumi na mbili ni tatu katika nne. Mutu akifunga macho na kuchomeka kidole mara nne kwenye kalenda, anaweza kupata matokeo yangu yale yale.

Na hesabu hiyo inaelewana na udongo. Bonde letu la ufa linapanuka milimeta chache kwa mwaka; miamba inabanwa kwa miaka mingi, halafu inavunjika kilometa nyingi chini, mahali ambapo joto la leo ao upepo wa jana haufiki. Nisidanganye upande wa pili pia: kule Nepal watafiti wameona matetemeko madogo yakipungua wakati wa mvua kubwa, kwa sababu ya uzito wa maji yaliyojaa bondeni. Lakini hayo ni mabadiliko ya hesabu ya miezi mizima. Hayakwambii usiku wa leo ulale wapi.

China walijaribu kweli. Tarehe 4 Februari 1975 wakubwa wa Haicheng waliwatoa watu nyumbani, na siku ile ile tetemeko la 7.3 likapiga. Watu wengi walipona. Walisimulia nyoka waliotoka mashimoni katikati ya baridi na maji ya visima yaliyobadilika, lakini kilichowasukuma zaidi ni matetemeko madogo yaliyotangulia. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia 28 Julai, Tangshan ilianguka bila kutanguliwa na kitu cha wazi. Hesabu ya serikali ni watu zaidi ya 242,000.

Kitu kimoja kingenisaidia usiku ule wa 2021, na kiliandikwa zamani, mwaka wa 1894, na Mjapani Fusakichi Omori: baada ya tetemeko kubwa madogo yanafuata, mengi mwanzoni, yanapungua siku baada ya siku. Goma ilikuwa shida zaidi, maana lava ilikuwa bado inatembea chini. Vyovyote, siku zile za kwanza ndizo mbaya kuliko zote kuingia ndani ya nyumba yenye ufa, mvua inyeshe ao jua liwake. Na kusema Lwiro, hapa hapa Kabare, sismografu zilikuwa zinaandika tangu miaka ya 1950! Nimepita pale mara ngapi nikienda kuangalia mihogo?

Mwaka uliopita mama mudogo alinipigia, huku Bukavu kukiwa na joto la ajabu. Akacheka: "Agronome, joto hili, itatetemeka?" Nikamwambia sijui, na hakuna anayejua. Nikamuuliza ule ukuta wa chumba cha watoto umefikia wapi. Akasema walibomoa nusu, wakajenga na mbao, na kitanda kimehamia upande wa mlango.