Maneno ya Wakubwa Juu ya Ziwa Nyasa

Ifikapo tarehe 1 Julai, sisi wa Kyela, tangu Ndandalo hata mchanga wa Matema, hatuna budi kukumbuka kwamba siku hiyo mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, pasipo kumshauri mvuvi hata mmoja, waliafikiana kwamba mpaka ufuate ufuo wa ziwa hadi mlango wa mto Songwe. Na kwa tafsiri ambayo Malawi yaishikilia hata leo, mama aingiaye majini kuosha samaki wa usipa huwa amekwisha kuvuka mpaka. Tanganyika yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikiri hivyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba mpaka wapita katikati ya maji.

Lakini fitina kubwa ni ile ya Septemba 1968, ambayo mwanazuoni James Mayall aliichambua katika utafiti wake wa mwaka 1973. Dkt. Hastings Kamuzu Banda, rais wa Malawi, aliitoa hoja katika karatasi za mkataba akaifanya ya maumbile: Malawi ya asili, alidai, yafika maili 100 kaskazini ya Songwe, kusini Zambezi, magharibi Luangwa, na mashariki Bahari ya Hindi. Kwa kauli hiyo moja wilaya yote ya Rungwe, na Kyela ndani yake (kwani wakati ule tulikuwa chini ya Rungwe), ikahamishwa bila mtu kubeba hata mkeka. Mwalimu hakujibu kwa ramani. Alisema Banda ni mwendawazimu, ila asipuuzwe, maana walio nyuma yake wana akili timamu. Na kwa kuwa Malawi ilikuwa imeanzisha uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu, kila msikilizaji alifahamu ni akina nani. Hivyo ugomvi wa maji ukageuka tawi la vita vya ukombozi. Ufasaha huo ulitutia moyo, sikatai. Lakini ni nani atakayeketi barazani kuzungumza na mwendawazimu?

Mwaka 2012 leseni za kutafuta mafuta zilifufua mzozo, nao ukakabidhiwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, bila suluhu mpaka sasa. Waheshimiwa wa Dodoma na Lilongwe, yaacheni mafumbo, mkamwonyeshe mvuvi wa mbasa wapi mtumbwi wake waruhusiwa kufika.