Kuongeza salio kwenye ATM za madukani, Japani

Kuongeza salio la pesa za kielektroniki kwa fedha taslimu ni huduma ya kawaida katika ATM za Seven Bank, zilizomo ndani ya maduka ya 7-Eleven nchini Japani. Kadi inayojulikana zaidi ni Suica, iliyoanza mwaka 2001 kwa nauli za treni na tangu 2004 hulipia pia bidhaa madukani. Mteja huiweka kadi kwenye kisomeo, huchagua kiasi, kisha huingiza noti, sarafu hazipokelewi. Kadi isiguswe hadi mashine imalize kuandika salio jipya kwenye chipu. Suica haibebi zaidi ya yen 20,000. Wanaonufaika hasa ni wageni na wasio na akaunti, kwani huduma haidai kadi ya benki.