Mwenza wa Pulsa Asiyeonekana

Mwaka 1974, Russell Hulse, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa Arecibo, Puerto Rico, akisaka pulsa kwa darubini ya redio yenye sahani ya upana wa mita 305. Pulsa ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Hujizungusha kwa kasi na mapigo yake ya redio hutufikia kwa mpangilio thabiti. Moja ilimtatiza. Ilipiga mara 17 kwa sekunde, lakini kila alipoipima upya, nafasi kati ya mapigo ilikuwa imebadilika. Mwanzoni alishuku programu yake ya kompyuta. Kumbe mabadiliko yalijirudia kila baada ya saa 7 na dakika 45: pulsa ilikuwa ikitusogelea na kurudi nyuma, ikizungukana na kitu ambacho hakionekani.

Kitu gani? Mapigo peke yake hayatoshi kujibu, kwa kuwa hatujui mzunguko umeinama kiasi gani kwetu. Hulse na mwalimu wake, Joseph Taylor, walipata ufunguo kwa Einstein. Sehemu ambapo nyota hizo mbili hukaribiana zaidi husogea nyuzi 4.2 kwa mwaka, jambo lilelile ambalo Einstein alilieleza mwaka 1915 kwa sayari ya Utaridi, ila huko ni kidogo mno. Kutokana na mwendo huo ulipatikana uzito wa jumla: Jua 2.83. Kisha mapigo huchelewa kidogo pulsa inapozama karibu na mwenzake, na ucheleweshaji huo ukagawa uzito: 1.44 kwa pulsa, 1.39 kwa mwenza. Uzito huo, katika mzunguko mfupi kiasi hicho, ni wa nyota ya nyutroni, yaani kiini cha aina ileile ya pulsa. Kwangu mimi, kuipima nyota ambayo hakuna aliyeiona ni miongoni mwa kazi bora kabisa za fizikia. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1993.

Mwaka 2003, darubini ya Parkes, Australia, ilinasa pulsa J0737-3039. Safari hii mwenza naye alisikika, akipiga mara moja kila sekunde 2.8.

Januari 2024 zamu ilikuwa ya Afrika. Antena 64 za MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, zilifichua mwenza wa pulsa katika kundi la nyota NGC 1851, mwenye uzito wa Jua kati ya 2.09 na 2.71. Darubini ya Hubble haikuona kitu hapo. Ama ni nyota ya nyutroni nzito kupindukia, ama ni shimo jeusi jepesi ajabu. Pigo moja la redio kutoka kwake lingemaliza ubishi. Ukimya hauthibitishi lolote, maana pulsa nyingi hazielekezi miale yake duniani.